Glavu za mtoto mwenye ngozi ya malengelenge: mshono uko NJE jamani

Mwanangu ana epidamolisisi bulosa, aina ya distrofiki, ngozi yake inachubuka hata kwa kusuguliwa kidogo sababu ile kolajeni ya 7, yaani protini inayoshikiza ngozi ya juu na ya chini, ina hitilafu toka tumboni. Mikono ndo shughuli yenyewe. Vidonda vya katikati ya vidole vikipona huku vidole vimegusana, basi vinashikana, na mwaka hadi mwaka mkono unajikunja unakuwa kama ngumi, hata ukifanyiwa operesheni unaweza kurudi vile vile. Kwa hiyo unafunga kila kidole peke yake, kila siku.

Zamani nilikuwa nakata bandeji vipande vyembamba navizungusha kidole kimoja kimoja, saa nzima inaisha hapo, halafu akishika penseli dakika mbili tu ile bandeji imeshajisokota kama kamba pale kwenye panda ya vidole, na jioni unakuta lengelenge jipya palepale. Plasta ya kunata sithubutu, inaondoka na ngozi.

Sasa hizi glavu waliotengeneza walikaa na wagonjwa na wazazi kwanza, na ukiigeuza tu unajua. Mshono umewekwa nje! Glavu nyingine zote nilizojaribu mshono uko ndani na unasugua palepale panapouma. Panda za vidole wamezishusha hadi chini kabisa kwa hiyo kitambaa kinakaa kwenye pengo, hakielei. Ncha za vidole ziko wazi, juzi kafunga kifungo cha shati mwenyewe, mi nilikuwa jikoni nasikia tu "mama njoo uone".

Msidhani inawekwa moja kwa moja juu ya kidonda lakini. Chini yake bado naweka ile pedi ya silikoni isiyogandia, glavu kazi yake ni kuishikilia tu. Na lengelenge likijaa maji bado unalitoboa kwa sindano safi upande wa chini, ngozi ya juu unaiacha ilivyo.

Lawama ninazo. Kuivaa unaivuta juu ya vidole na kuvuta ndo kusugua kwenyewe, inabidi niitanue kwanza kwa vidole vyangu alafu nimshushie taratibu, wangeweka uwazi ubavuni ningefurahi sana. Kidole gumba kinapwaya. Na rangi nyeupe ya nini? Tone dogo la damu linaonekana kama ajali, mtoto anaogopa kabla hata hajasikia maumivu.

Nyota nne. Niliwaandikia hayo ya uwazi wa ubavuni wakanijibu wakasema tuwachoree tunavyotaka, kalamu nimemwachia mwenyewe, mpaka sasa kachora glavu ya bluu yenye zipu tatu.