Kitabu cha mtumba cha hadithi za mapenzi: nyota 4, na kurasa pungufu

Nilikinunua Kampala kwa shilingi 7,000, kando ya barabara, dakika chache kabla ya kupanda basi la usiku la Arua. Hakina jalada. Muuzaji aliapa kurasa zote zimo.

Ni hadithi fupi za zamani, kwa Kiingereza, zote za mapenzi. Nilidhani zitanibembeleza nilale. Nilifika Karuma sijafumba jicho.

Iliyoanza kunichoma ni ya Chekhov, mwandishi wa Kirusi, ya 1899, ya bibi mwenye mbwa. Gurov amerudi Moscow, moyo kauacha Yalta kwa mke wa mtu. Siku moja inamshinda, anamwambia mwenzake wa karata: laiti ungejua nilikutana na mwanamke wa namna gani! Mwenzake anaondoka, halafu anageuka kumwita: ulisema kweli, yule samaki alikuwa ameanza kunuka. Nikacheka gizani, kisha kicheko kikanikauka. Mimi niliwahi kumfungulia rafiki moyo, akaniuliza bei ya saruji.

"Mwanangu, unacheka nini usiku huu?" akauliza mama wa kiti cha pili.

Nikamsimulia nyingine ya Chekhov huyohuyo. Kijana na Nadya wanateleza kwa kigari cha mbao kwenye kilima cha theluji. (Theluji kama ya Rwenzori kule juu, nilimwambia.) Upepo unapovuma masikioni, kijana ananong'ona, "Nakupenda, Nadya." Wakifika chini anajifanya hakusema kitu. Nadya hajui ni yeye au ni upepo. Kilima anakiogopa kama kifo, lakini anapanda tena na tena ili asikie. Kuna siku anapanda peke yake, amepauka, kuupima upepo. Theluji ikiisha, kijana karibu anasafiri, anachungulia kwenye ufa wa ua wa mbao, anangoja upepo, ananong'ona mara ya mwisho. Nadya anainua mikono kuupokea.

"Asimwambie?"

"Hakumwambia, mama. Nadya aliolewa na mwingine, ana watoto watatu."

"Angekuwa wangu, ningemchapa."

Mwaka 1886 hadithi hiyo iliisha kwa ndoa, Chekhov akaja kuibadili. Hilo sikumwambia.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya hadithi ya mwisho, ya Joyce, mwandishi wa Ireland: kurasa 8 zimechanwa palepale mke anapoanza kulia hotelini kwa ajili ya wimbo. Nilimalizia kwenye simu nilipofika Arua. Ni ya 1914, iko bure mtandaoni. Kumbe alikuwa anamlilia Michael Furey, kijana wa miaka 17 aliyesimama mvuani kumuaga, akafa. Mume, aliyeingia chumbani na hamu zake, amekaa anasikiliza.

Tulipofika Pakwach, kabla ya Arua, mama alichukua kikapu chake ashuke. "Sasa yule kijana wa theluji, kwa nini alifanya vile?"

Nikamwambia hata yeye mwenyewe, sasa ni mtu mzima, anasema haelewi.