Uzoefu wangu: kufumua wayaringi ya ndani ya ukuta na kuianza upya

Mwezi wa nne shemeji yangu alikuja kutufungia bomba la pazia chumbani kwa watoto, hapa Goba, Dar es Salaam. Tundu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, drili ilipozama kama inchi moja tu, ukuta ulitoa cheche na mlio mkubwa, taa za upande ule zikazima. Nashukuru Mungu drili yake ina mwili wa plastiki na sakiti breka iliruka papo hapo. Swichi ya chumba kile iko karibu na mlango, mbali na dirisha, kwa hiyo nani angedhani kuna waya juu ya pazia?

Ulikuwepo. Fundi aliyetufungia umeme tulipojenga alitoa kebo darini na kuivuta mshazari hadi kwenye swichi, apunguze mita moja au mbili. Tena hakuweka bomba la kupitishia waya: kebo ilikaa juu ya tofali, lipu ikapigwa juu yake. Tumelala na watoto humo miaka minne.

Safari hii nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na nikaomba niione kabla ya kuzungumza bei. Vyumba vitatu na sebule, bila vifaa, alitaka shilingi 900,000. Mwingine alikuwa tayari kwa 500,000, ila nilipomuuliza waya zitapita wapi alijibu, "Usijali dada, zitafichwa zote." Jibu hilo lilinitosha.

Huyu wa leseni alianza kwa kuzunguka na chaki. Kutoka kila swichi na kila soketi alichora mstari wima hadi darini. Akaniambia, "Mama, waya hutauona, lakini swichi utaiona. Ukiona swichi, jua juu yake na chini yake kuna waya, usitoboe." Utaratibu ndio huo: wima au mlalo kutoka kwenye kifaa kinachoonekana, au ndani ya ukanda wa sentimita 15 chini ya dari na kwenye kona ambapo kuta mbili zinakutana. Mshazari ni marufuku, kwa sababu atakayetoboa baada ya miaka kumi hana namna ya kuukisia.

Nilimwomba aunganishe soketi mbili za sebuleni kwa kukata ukuta mlalo, njia ikiwa fupi. Akakataa. Tofali zetu ni za inchi sita, na mfereji mrefu wa mlalo unaudhoofisha ukuta kuliko wa wima. Akapandisha bomba darini, akalishusha tena upande wa pili. Waya uliongezeka na hela yangu pia, lakini nilimwelewa.

Alipofumua ile ya zamani ndipo nilipoogopa kweli. Nyuma ya kitanda cha mwanangu mdogo, katikati ya ukuta, kulikuwa na kiungo: waya mbili zimesokotwa kwa mkono, zikazungushiwa tepu nyeusi, zikafukiwa kwenye lipu. Tepu ilikuwa imekauka na kubadilika rangi kwa joto. Kiungo chochote kinatakiwa kukaa kwenye boksi linalofunguka, mtu aweze kukifikia na kukikaza. Kuna nyumba ngapi zenye kiungo kama kile nyuma ya rangi nzuri?

Sasa waya zote ziko ndani ya bomba la plastiki la milimita 20. Taa zina waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko lina laini yake ya 6. Kona za bomba alizikunja kwa springi, hakutumia viwiko vikali, na hakuruhusu kona zaidi ya mbili kabla ya boksi. Nikahakikisha mwenyewe: nilishika waya wa soketi ya jikoni nikauvuta, ukateleza. Maana yake siku ukiharibika utatolewa na kuingizwa mwingine bila kuvunja ukuta.

Kwenye bodi, yaani sanduku la breka, aliongeza swichi ya kinga ya miliampia 30, inayokata umeme ukianza kuvuja kwenda ardhini, hata kupitia mwili wa mtu. Mwisho akapima kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja kwenye waya, kila laini mbele yangu. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, na zangu zote zilipita 200.

Malalamiko ninayo. Vumbi la grinda liliingia hadi kabatini kwa sababu hawakufunika kitu. Nyinyi funikeni wenyewe mapema. Mifereji waliiziba kwa lipu ya mkupuo mmoja bila kuulowesha ukuta, na baada ya wiki mbili nyufa zikajitokeza sebuleni. Walirudi kurekebisha, ila rangi nilinunua mimi. Halafu kazi ya siku tano ilichukua tisa.

Jambo moja nililipigania, nawaomba nanyi mlipiganie: kabla ya lipu, kila ukuta upigwe picha ukiwa na futi imenyooshwa kutoka kona hadi kwenye bomba. Fundi aliona ninamchelewesha, lakini alikubali. Picha ninazo kwenye simu na kwenye barua pepe, na mchoro umebandikwa ndani ya kifuniko cha bodi.

Jumamosi shemeji alirudi na drili yake. Tuliangalia picha, tukapima, tukazima breka ya chumba, akatoboa. Pazia la watoto limefungwa.