Solenoidi ya busti ya GrimmSpeed kwenye WRX yangu, miezi minne sasa

Wakuu, nina Subaru WRX ya 2004, injini EJ20, niko nayo hapa Tanga, na mwaka mzima hii gari ilininyima raha. Ukikanyaga mafuta geji ya busti (presha ya upepo ambao tabo inausukuma kwenye injini) inaruka mpaka bar 1.2 halafu hapohapo inadondoka 0.8, gari inavuta inaachia, inavuta inaachia, ukitoka Pongwe kwenda Muheza shingo yote inauma.

Mwanzo nilichukua solenoidi, ile valvu ya umeme inayoongoza busti, ya elfu 45 duka moja la mjini, boksi zuri tu, wiki ya tatu ikaanza kukwama. Tuliitoa tukaipa umeme wa betri pale chini, mara inalia tik, mara kimya. Ndo nikaagiza GrimmSpeed ya Marekani, ile ya njia tatu, mpaka inafika mkononi laki nne na ushee. Hela nyingi ndio, ila hii kitu inafanya kazi jamani.

Ya kiwandani ina njia mbili, inachofanya ni kuvujisha upepo kidogo urudi inteki (njia ya kuingizia hewa) ili wesigeti, yaani kilango kinachopitisha moshi pembeni ya tabo kupunguza busti, isifunguke mapema. Hii ya njia tatu inakaa katikati kabisa, ama inaupeleka upepo wesigeti ama inaukata, kwa hiyo tabo inaamka mapema na busti inatulia.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea. Ndani ya mpira wa kiwandani kuna kidude kidogo cha chuma, kama punje ya mahindi hivi, kina kitundu chembamba cha kubana upepo. Ukifunga ya njia tatu hicho lazima kitoke. Fundi wangu wa Chumbageni aliupasua mpira kwa wembe kikadondoka kiganjani, na mpira wenyewe ulishakauka kwa joto, ukiukunja unaona nyufa kabisa, tukabadilisha yote tukaweka ya silikoni na vibano vipya.

Na tafadhali usifunge ukaondoka nayo!! Kompyuta ya gari bado inatuma amri za solenoidi ya zamani, busti itapitiliza, na EJ hazina uvumilivu huo, injini ikianza kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani) pistoni zinamegeka pale ringi zinapokaa. Aliyenitunia, yaani aliyenipangia upya kompyuta ya gari, alikuja na leptop, akashusha asilimia za solenoidi (muda ambao kompyuta inaiwasha), tukatoka, tukasoma, akashusha tena, mara tatu nzima. Leo ni bar 1 imesimama wima mpaka nabadili gia.

Nampa nyota nne. Moja nimekata kwa sababu maelekezo ni Kiingereza kitupu, fundi alikuwa ananiuliza kila mstari. Halafu kwa sisi wa pwani, pakeni grisi kwenye soketi ya umeme, ile ya zamani nilikuta pini zimeshaota kijani kwa chumvi.