Utepe wa Kuvutia Nyaya: Upi Ununue Kwanza

Fundi umeme anayefanya wayaringi ya nyumba za kawaida, zile ambazo mabomba ya PVC ya milimita 20 yamefukiwa ukutani au kulazwa ndani ya zege la slabu, hana budi kuwa na kitu cha kutanguliza bombani ili nyaya zifuate. Wengi tulianza na waya wa kufungia nondo uliokunjwa maradufu, na kwa bomba fupi la kutoka boksi la swichi hadi darini hauna ubaya mkubwa. Ubaya wake huonekana kwenye kona ya pili, pale unapojikunja ndani kwa ndani na ncha yake kukwangua ganda la nyaya zilizokwisha kupita. Kwa hiyo, kabla hujatazama urefu ulioandikwa kwenye pakiti dukani, hesabu kwanza kona zilizomo katika mabomba unayofanyia kazi.

Nafasi ya kwanza naupa utepe wa poliesta uliosokotwa. Nyuzi zake nene, ambazo kwa kawaida ni tatu, zimesokotwa kama kamba, na kwa sababu hiyo haulali wote juu ya bomba bali hugusa kwa migongo ya msokoto tu, hivyo msuguano hupungua. Hupita kwenye kona na kunyooka tena, wala haupitishi umeme. Kwa bomba la milimita 20 chukua wenye unene wa milimita 4.5 hadi 5, urefu wa mita 15 au 20. Ulio mnene zaidi utakusumbua pale ambapo tayari kuna nyaya. Udhaifu wake ni kwamba katika bomba pana lililonyooka kwa masafa marefu hulegea na kupindapinda badala ya kwenda mbele.

Hapo ndipo utepe bapa wa chuma, ninaouweka nafasi ya pili, unapostahili bei yake. Ni mgumu, husukumika mbali, na huvuta mzigo mzito bila kutanuka. Ncha ikikatika, unaipasha moto hadi iwe nyekundu, unaikunja kitanzi kwa plaisi, na kazi inaendelea. Anayefanya kazi Mombasa, Tanga au Unguja anunue wa chuma kisichoshika kutu, la sivyo aufute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuurudisha kwenye gurudumu lake. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba chuma hupitisha umeme: zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa kwamba nyaya zilizomo bombani na ndani ya boksi unakotarajia utepe utokee hazina moto.

Utepe wa nailoni ni wa tatu, nao ndio wa bei nafuu kuliko wote. Unamfaa mwenye nyumba anayeongeza soketi moja au mbili. Kasoro yake ni ile ncha ya shaba yenye springi, ambayo mara nyingi imebanwa tu. Niliwahi kuvuta nyaya tatu za milimita 2.5 kwa nguvu kupita kiasi, utepe ukanirudia mkononi bila ncha, nami nikashinda siku nzima nikitoboa ukuta uliokwisha pigwa rangi. Dukani, ivute ncha hiyo kwa mikono miwili kabla ya kulipa. Fimbo za faibaglasi zinazounganishwa kwa skrubu sizipangi hapa, maana kazi yake ni kupitisha nyaya juu ya dari ya jipsamu. Ukizitumia, vaa glavu, kwani nyuzi zake huchoma ngozi.

Kufunga nyaya kunataka subira kuliko kuvuta. Menya kila waya sentimita 10 hivi, pitisha ncha zake kwenye kitundu cha utepe, zikunje na kuzisokota, kisha zungushia tepu nyeusi kuanzia mbele kurudi nyuma hadi fundo liwe jembamba kama ncha ya penseli. Msaidizi alishe nyaya zikiwa zimenyooka, nawe uvute pale tu anapokuitikia. Zikiwa nzito, paka mafuta maalumu ya kuvutia nyaya. Grisi na oili ya gari huharibu ganda la plastiki.

Utepe ukigoma katikati, usiugongegonge. Weka alama kwenye utepe pale unapoingilia bombani, utoe, kisha uulaze juu ya ukuta kwa kufuata njia ya bomba. Ncha itakuonyesha palipoziba. Rudia kutoka upande wa pili. Vipimo viwili vikikutana sehemu moja, huenda ni saruji iliyoingia wakati wa kumwaga zege, na hapo ndipo pa kutoboa.