Huduma ya kubuni nembo Ngamiani, Tanga: mchoro umetulia, rangi imepwaya

Ofisi hii ndogo ya usanifu na uchapaji, iliyopo Ngamiani, ndiyo tuliyoikabidhi kazi ya kubuni nembo ya biashara ya familia yetu ya mafuta ya nazi, na kwa sehemu kubwa ilistahili malipo yake.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mnazi, jahazi, jua linalochomoza na jani la mkonge, vyote ndani ya duara moja. Mbunifu mwenyewe ndiye aliyeikataa baada ya kuichapa kwa wino mweusi mtupu, kwa ukubwa wa muhuri wa mpira, ambapo jahazi liligeuka doa na mnazi ukafanana na ufagio. Alitueleza kwamba nembo yetu itakaa kwenye kizibo cha chupa, kwenye stakabadhi na kwenye kijipicha cha WhatsApp, na kwamba kisichosomeka huko hakifai hata kikipendeza kwenye bango. Kuhusu mkonge aliongeza, na hapa nilimkubali mara moja, kuwa Tanga nzima inajulikana kwa zao hilo, hivyo jani lake halimtofautishi mfanyabiashara yeyote na jirani yake. Kilichobaki ni kifuu na tone moja chini yake, pamoja na jina la biashara kwa herufi nene zisizo na madoido.

Tulipewa pia faili la vekta, ambalo huhifadhi mchoro kwa mistari badala ya nukta, hivyo hukuzwa kwa kiasi chochote bila kingo zake kuharibika.

Kasoro ipo kwenye rangi. Kijani kikali tulichokiridhia kwenye skrini kilitoka kwenye lebo kikiwa kimefifia, kwa sababu skrini huunda rangi kwa mwanga ilhali mashine hutumia wino, na si kila kijani cha skrini kinapatikana kwa wino wa kawaida wa rangi nne. Mtu wa fani hii analijua hilo, na sampuli moja kwenye karatasi ileile ya lebo ingetosha kutuepusha na hasara. Walikubali kurudia kazi kwa nusu bei. Kwa maoni yangu, walipaswa kuirudia bure.

Usajili wa alama za biashara, ambao kwa Tanzania Bara hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) na hudumu miaka 7 kabla ya kuhuishwa kwa miaka 10, haumo katika huduma yao. Kwa hiyo atakayekwenda pale ahakikishe kwanza kwamba hakuna nembo inayofanana na yake iliyokwisha kusajiliwa, kabla ya kulipia mchoro wa mwisho.