Tanuru la gesi la kupashia vyuma vya kulehemu: lipi anunue fundi bati wa Dodoma

Tanuru la kupashia vyuma vya kulehemu, yaani fimbo zenye kichwa cha shaba za kuyeyushia lehemu (metali laini ya kuungia mabati), lina kazi mbili: kuijaza shaba joto, na kuilinda ncha isiungue. Kazi ya kwanza hata jiko la mkaa la kuchomea mahindi linaiweza. Ya pili ndiyo inayoyashinda matanuru mengi, na ndiyo tuliyoipa uzito kuliko zote katika kupanga madaraja haya.

Ncha ya chuma cha kulehemu huvishwa lehemu kabla ya kazi. Ule utando mwembamba unaong'aa ndio unaopitisha joto kutoka kwenye shaba kwenda kwenye bati. Mwali ukiupiga moja kwa moja, utando unaungua na kuwa jivu, shaba iliyo chini yake inaota magamba meusi, na lehemu inakataa kushika: inajikunja kuwa vishanga vinavyobingirika mpaka sakafuni. Fundi anachukua tupa, anakwangua hadi shaba ing'ae, anavisha upya, anarudisha motoni, na mambo yanakuwa yale yale. Shaba ni ghali, na kila unapopiga tupa inapungua.

Kwa hiyo ukionyeshwa tanuru, usianze na rangi wala bei. Uliza mwali unapiga wapi. Unatakiwa upige kisigino, yaani ile sehemu nene ya kichwa iliyo upande wa fimbo, na ncha iwe imevuka mwali. Joto litaifuata ncha lenyewe, maana katika metali zote ni fedha tu inayoizidi shaba kwa kupitisha joto.

Vipimo tunavyotumia hapa ni vya kichwa cha shaba cha nusu kilo, upana sm 3 na urefu sm 8 hivi, kinachotosha kazi nyingi za mabati mepesi: ndoo, mikebe ya kumwagilia, faneli za mafuta ya alizeti, vifukizio vya warina asali wa Manyoni na Itigi. Kwa mifereji mirefu ya kuvuna maji ya mvua chukua kichwa cha kilo moja, la sivyo joto litakwisha kabla hujafika nusu ya mshono. Nunua vyuma viwili vinavyolingana, kimoja kiwe mkononi na kingine motoni.

Namba moja: tanuru la boksi lenye bana (vichwa vya kutolea moto wa gesi) mbili, la kuchongesha

Hili halipo dukani. Linatengenezwa na fundi yeyote mzuri wa mageti na madirisha, naye Dodoma hakosekani. Tunalipa nafasi ya kwanza kwa sababu mwali unauweka unakotaka wewe, na kila kipuri chake ni cha majiko ya kawaida.

Mpe fundi vipimo hivi. Boksi la bati la chuma la mm 3, na nafasi ya ndani, tofali zikishawekwa, iwe na upana wa sm 16, kina cha sm 18 na kimo cha sm 11. Pande tatu na dari viwekwe vipande vya tofali la kuhimili moto, unene wa sm 2.5 hadi 3. Usikubali tofali la kawaida la kuchoma: lina unyevu ndani, na likipashwa haraka linapasuka na kurusha vipande. Mdomo wa mbele uwe na upana wa sm 13 na kimo cha sm 6. Ndani zipite nondo mbili za mm 10 za kulaza vichwa, na ncha ielee hewani bila kugusa tofali, kwa sababu chembe za tofali zikigandia ncha zinaharibu mshono. Nje, sm 12 mbele ya mdomo, kiwepo kiegemeo cha kupumzishia fimbo.

Bana ziwe mbili, zile za ukubwa wa kati kwenye majiko ya plate, zenye nguvu ya kilowati 1.75 kila moja na nozeli, yaani kitundu cha kupitishia gesi, ya mm 0.65. Kila bana iwe na koki yake. Kitovu cha bana kikae sm 7 kutoka mdomoni, si katikati ya boksi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanaweka bana katikati kwa sababu inapendeza kwa macho, na mwali unaangukia ncha. Juu ya bana, kwenye dari, liachwe tundu la moshi la sm 2 kwa sm 12. Bila tundu hilo hewa ya moto inatafuta njia yenyewe. Nyingine inaizunguka ncha, nyingine inatokea mdomoni na kuunguza mpini wa mbao.

Bana hizi zinatumia regyuleta ya kawaida ya nyumbani, ile ya presha ya milibari 28 hadi 30. Huhitaji regyuleta ya presha kubwa, na ukiuziwa kwa maelezo kwamba "moto utakuwa mkali", kataa. Shaba haihitaji ukali. Lehemu ya 60/40 (madini ya bati asilimia 60, risasi 40) huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na ncha ikiwa kati ya 300 na 400 inatosha. Kichwa cha nusu kilo kilichopoa kinafika hapo kwa dakika 5 hadi 8.

Matumizi yake yanahesabika. Bana moja ikiwaka wazi kabisa inakula gramu 127 hivi za gesi kwa saa, mbili gramu 255 hivi. Mtungi wa kilo 6 utakupa saa 23 na nusu hivi za bana mbili, na wa kilo 15 saa 59 hivi. Gawa bei ya gesi kwa saa hizo, kisha linganisha na gunia lako la mkaa. Usisahau kwamba gesi unaifunga ukienda kula, na mkaa unaendelea kuwaka.

Namba mbili: tanuru la kiwandani kutoka nje

Haya ni ya chuma cha kusubu, mazito, yana kifuniko cha kuinua na kimoto kidogo cha kudumu kinachowasha bana kila ukifungua koki. Ya Johnson, kampuni ya Cedar Rapids huko Iowa, Marekani, yanajulikana kwa mafundi wa mabati wa nchi hiyo. Ukilipata limetumika lakini halijapasuka, umbo lake ni bora kuliko la kuchongesha. Limekuwa la pili kwa sababu mbili zinazowatesa wanunuzi.

Ya kwanza ni nozeli. Mengi yalitobolewa kwa gesi asilia ya bomba. Gesi yetu ya mtungi, kwa ujazo ule ule, ina nishati zaidi ya mara mbili, hivyo inataka tundu dogo. Bana inayotumia mm 0.65 kwa gesi ya mtungi, kwa gesi asilia hutobolewa karibu mm 0.97. Ukiiunganisha ilivyo, mwali unakuwa mrefu wa njano, masizi yanajaa, na kichwa kinatoka cheusi kama sufuria ya kuni. Tundu kubwa halizibiki kwa kugongwa na nyundo. Nunua nozeli mpya.

Ya pili ni meno ya viungio. Mabomba ya Marekani ya robo inchi yana meno 18 kwa inchi. Yetu, ya mtindo wa Kiingereza, yana 19. Yanashikana mizunguko miwili au mitatu, yanakaza, na mtu anaamini yameingia. Kisha yanavuja. Utepe mweupe wa kuzungushia meno ya mabomba hautibu tofauti hiyo; tafuta kiungio cha kubadilishia au mpeleke fundi wa lathe akukatie kipya.

Namba tatu: jiko la plate mbili na banda la tofali

Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, hili linatosha. Chukua jiko la mezani la plate mbili, liweke kwenye meza ya chuma, na juu ya bana ndogo panga banda la vipande vya tofali la kuhimili moto, wazi mbele na juu. Acha bana kubwa. Duara lake ni pana na linakumbatia kichwa chote, ncha ikiwemo. Banda lisibanwe na kingo za jiko, maana koki zina mafuta laini ndani, na joto likiyakausha koki zinakuwa ngumu kisha zinavuja. Jiko la kioo usilitumie kabisa: kilo moja ya shaba ikikuponyoka, kioo kimekwenda.

Namba nne: chuma chenye bana yake mkononi

Hapa kichwa cha shaba kimefungwa mbele ya bana ndogo ya mkono na kinapashwa muda wote wa kazi. Juu ya paa, ukiunga mfereji ambao hauwezi kuteremshwa, hakina mpinzani. Kwa kazi ya kutwa nzima mezani kinachosha mkono, na upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unakizima mara kwa mara. Kinunue kiwe cha pili, baada ya tanuru.

Usinunue: bana inayokaa juu ya mtungi mdogo

Wengi wanayo nyumbani na wanaona ni rahisi kuipangia tofali kuizunguka. Tofali zinarudisha joto chini, kwenye shingo na vali ya mtungi. Vali inalegea, gesi inatoka sm chache tu kutoka kwenye moto. Kupikia chai ni sawa. Kujengea tanuru ni hatari ya maisha.

Vyuma vya umeme vya wati 300 hadi 500 ni vizuri kwa mshono mfupi, ila kwenye bati pana vinapoa haraka, na umeme ukikatika kazi inalala. Jiko la mkaa bado ni msaada, lakini kivumbi cha majivu kinaganda kwenye ncha na moto haupungui ukitaka upungue.

Hewa, upepo na baridi

Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Jiko lililotegwa pwani likija huku linakosa hewa kidogo, na utaona ncha za njano kwenye mwali. Fungua kidirisha cha hewa kwenye shingo ya bana hadi mwali uwe wa bluu wenye koni ndogo kali. Ukizidisha, mwali unaruka juu ya bana na kunguruma, rudisha kidogo. Usiweke kichwa ndani ya ile koni ya bluu, gesi humo haijaungua bado. Joto kubwa liko juu kidogo ya kilele chake.

Bana ikilia "pap!" na moto ukaingia ndani ya shingo, funga koki mara moja. Chanzo huwa ni presha ndogo, au koki iliyofungwa nusu huku bana ikiwa imepata moto sana. Na tanuru likikaa wiki bila kuwashwa, chungulia shingo kabla ya kuwasha: buibui hupenda kujenga humo, na utando mdogo tu unatosha kugeuza mwali kuwa wa njano.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai mtungi wa kilo 6 unaokaribia kuisha hutoa jasho la baridi na moto unafifia. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa inaupoza mtungi wenyewe. Dawa ni mtungi mkubwa. Usiusogeze kwenye tanuru upate joto, na usiulaze, kwani gesi ya maji itaingia kwenye regyuleta. Ukae wima, umbali wa mita 1.5 au zaidi, mahali pasipo shimo, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutulia chini.

Jambo jingine linalosahaulika ni dawa ya kulehemu, ile ya asidi inayopakwa kwenye bati ili lehemu ishike. Asidi inapolishwa vipande vya zinki hadi iache kuchemka, hutoa haidrojeni, na haidrojeni inalipuka. Ifanyie nje, mbali na tanuru. Hata ikiwa tayari, mvuke wake hula bana na nozeli. Chupa isilale meza moja na tanuru.

Kabla ya kulipa

Nenda na chuma chako, ncha ikiwa imevishwa vizuri. Washa, paka maji ya sabuni kila kiungio, subiri kama kuna povu linalokua. Weka chuma, angalia saa. Zuia upepo na uutazame mwali unaozunguka shaba: unapoanza kuonyesha rangi ya kijani, chuma kiko tayari, kitoe. Kisiachwe hadi shaba iwe nyekundu, hapo ncha imeshaungua hata kwenye tanuru bora.

Ukijaribu kwa ajili ya vyombo vya maji ya kunywa, mafuta au mvinyo wa zabibu, tumia lehemu isiyo na madini ya risasi, ile yenye madini ya bati asilimia 99.3 na shaba 0.7. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 227, inadai ncha yenye moto zaidi, na ndiyo inayofichua tanuru bovu upesi.

Futa ncha kwa kitambaa chenye unyevu, mara moja tu, kisha igusishe lehemu. Ikitandaa na kung'aa kama maji juu ya sahani, rudisha chuma motoni na urudie mara tano. Ikiwa bado inang'aa mara ya tano, lipa. Ikiwa imeanza kuwa nyeusi, mwambie fundi asogeze bana sm 2 kuelekea mdomoni, na mjaribu upya pesa ikiwa bado mfukoni mwako.