Chameleon kwenye somo la umwagiliaji: nimeitumia misimu miwili

Nafundisha umwagiliaji kwa wanafunzi wa stashahada ya uhandisi wa kilimo, huku Nyanda za Juu Kusini. Wakufunzi wenzangu kadhaa wameniuliza kama Chameleon, kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa taa za rangi, inafaa kununuliwa kwa ajili ya kufundishia. Inafaa, na nitaeleza kwa nini. Wanafunzi wangu wanaiita kinyonga tu, kwa hiyo na mimi nitaiita hivyo.

Kifaa hiki kilibuniwa Australia, kwenye taasisi ya utafiti ya CSIRO, na kazi hiyo iliongozwa na Richard Stirzaker. Unafukia vihisi kwenye vina tofauti vya udongo, waya unabaki juu, kisha unachomeka kisomeo na taa zinawaka, kila kina na taa yake. Buluu maana yake udongo umeloa, kijani una unyevu wa kutosha, nyekundu umekauka. Kinapima nguvu ambayo mzizi unalazimika kutumia kuyavuta maji, si wingi wa maji yaliyomo. Kwa kilopaskali, yaani kizio cha nguvu hiyo ya kuvuta, buluu inaishia karibu na 20, nyekundu inaanza karibu na 50. Ndiyo maana rangi inasema jambo lilelile kwenye udongo wa kichanga na wa mfinyanzi, wakati asilimia ileile ya unyevu kwenye aina hizo mbili za udongo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mmea. Wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi hapa Iringa wamekitumia kupitia mradi wa utafiti ulioanza 2013, na wengi wao walipunguza mara za kumwagilia.

Miaka yote kabla ya kupata kinyonga nilifundisha unyevu wa udongo kwa tanuri. Mnachukua sampuli, mnapima uzito, mnaweka kwenye nyuzi joto 105 kwa saa 24, mnapima tena, mnakokotoa. Njia ni sahihi na bado naifundisha. Lakini jibu linakuja kesho yake, maabara, wakati mwanafunzi ameshasahau ule udongo ulikuwaje mkononi. Anapata namba, anaijaza kwenye ripoti, basi. Umeme ukikatika usiku, mnaanza upya.

Kwa kinyonga nina sharti moja: kabla ya kuchomeka kisomeo, kila mmoja anaandika kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, anadhani kila kina kitaonyesha rangi gani. Siku ya kwanza tulikuwa kwenye matuta ya nyanya, saa nane mchana. Udongo wa juu ulikuwa umepasuka, ukiukanyaga unatoa vumbi. Darasa karibu zima liliandika nyekundu, nyekundu, kijani. Taa zikawaka nyekundu, buluu, buluu. Kijana mmoja ambaye kwao ni wakulima wa vitunguu alikataa, akasema, “Mwalimu, hiki kitu kinadanganya.” Nikampa jembe. Alichimba kama kiganja na nusu, akachota udongo, akaufinya: ukashikana kama unga wa chapati, vidole vikabaki na alama. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo nimelisubiri miaka mingi bila mwanafunzi kuliuliza mwenyewe: kama huko chini kumeloa hivi na sisi tunaongeza maji kila zamu, ile mbolea ya kukuzia inakwenda wapi? Inakwenda chini ya mizizi pamoja na maji. Somo la upotevu wa naitrojeni nililokuwa nimelipanga wiki ya sita tulilifanya palepale, tumechuchumaa kwenye mfereji.

Kuna jambo la kuangalia wakati wa kufukia. Kundi moja lilitupia mabonge makavu shimoni, likafunika haraka. Kihisi cha kati kikakaa kwenye nyekundu wiki nzima, hata baada ya mvua. Walitaka kuandika kwamba ni kibovu. Nikawaambia wafukue, wakakuta pengo la kupitisha kidole pembeni ya kihisi. Maji hayaruki hewa, lazima udongo ugusane nacho pande zote. Loweka vihisi kwanza, tengeneza tope laini la udongo wa shimo lilelile, shindilia taratibu.

Usikubali pia rangi zichukue nafasi ya hesabu. Wapo wanaoona taa na kufunga daftari. Mimi nawataka waseme ni milimita ngapi zirudishwe ili nyekundu ya juu iwe buluu bila kugusa ya chini, na hapo lazima wakokotoe kina cha mizizi na uwezo wa udongo kushika maji. Na uliza mapema kama kuna asiyetofautisha kijani na nyekundu. Wapo, na wengi huona aibu kusema. Mpange na mwenzake wa kumsomea.

Seti moja kwa wanafunzi wanne inatosha. Wakizidi hapo, wawili wanachimba na waliobaki wanahamia kivulini. Chuo kikikupa seti moja kwa darasa zima, omba zaidi, tena omba kwa nguvu.

Wiki hii kundi la tatu limeandika buluu ya chini siku ya tisa mfululizo. Zamu yao ya maji ni kesho asubuhi. Jana jioni walikuja ofisini, wote wanne, kuniomba niruhusu wasifungulie maji. Nimeruhusu.